Ruhusa ya Siku Moja

Wembley, 11 Septemba 1994

Mdogo wangu mpenzi Jedidah,

Na jambo la pili nililotaka kukwambia kabla simu haijakatika ni la picha. Lakini kwanza, hujambo? Na Baba, kifua chake? Mimi sijambo, zaidi ya sijambo. Douglas akirudi kutoka kazini uwanjani hugonga mlango wake mwenyewe kama mgeni, eti nimfungulie ahakikishe kwamba bado ni kweli amenioa.

Ile picha kubwa ya mlangoni pa kanisa letu la Changamwe nimeipeleka ikatiwe fremu kwa Mama Kalpana, Mhindi wa Kisumu mwenye duka la picha mtaani kwetu. Ameipenda hata akaniomba aiweke dirishani kwanza. Sasa Wembley nzima inakuona nyuma yangu, umeshika shela. Akauliza huyu mrefu ni nani. Nikamwambia ni mdogo wangu, mfungaji wa netiboli, aliyeacha fainali ya taifa ili aje anisimamie.

Na ile karatasi yako ya ruhusa, yenye mhuri wa wasimamizi wa mashindano, nimeibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa albamu, pamoja na ua kutoka shada langu. Kila nikiifungua machozi hunitoka kwa furaha.

Masomo ya udaktari unayaanza lini?

Dada yako,
Teresia, mke wa Douglas


Changamwe, 25 Septemba 1994

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Baba anakohoa lakini anakula.

Masomo yameanza bila mimi. Chuo kina nafasi mbili tu za wanamichezo wa taifa, na ya pili nilipewa mimi. Msichana aliyenifuata, Indu, mchezaji wa magongo, amenishtaki. Anasema sikucheza fainali, na kanuni inataka mchezaji awepo hadi mwisho. Wakili wangu, Bwana Zephaniah, anasema hawana ushahidi, ni maneno ya watu tu.

Nakuomba, dada, itoe picha dirishani. Na habari za fainali usimweleze mtu yeyote. Indu ana jamaa huko London.

Mdogo wako,
Jedidah


Wembley, 6 Oktoba 1994

Jedi wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tunanenepa kwa mapenzi. Jana Douglas alinichana nywele akavunja kitana, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku ileile niliyopata barua yako nilikwenda kuitoa picha. Mama Kalpana akauliza kwa nini naiondoa picha nzuri namna ile. Unanijua, mtu akiisifu harusi yangu siwezi kumficha kitu. Nikamweleza kesi yote. Aliposikia jina la Indu akavuta kiti, akaketi. Kumbe ni mtoto wa dada yake. Tulilia sote wawili. Kisha akanipeleka kwa wakili, nikatia sahihi hati ya kiapo kwamba tarehe 6 Agosti, saa nane mchana, ulikuwa kanisani umeshika shela yangu.

Usikasirike. Ningewezaje kusema hukuwapo siku iliyo nzuri kuliko zote maishani mwangu? Douglas anasema ndoa haianzi kwa uongo. Na wewe una akili, utapata kingine. Si unakumbuka Baba alivyosema karo inamtosha mmoja, kwamba Teresia ana sura na ataolewa? Basi nimeolewa, na kila mtu ana chake.

Fremu alinipa bure.

Dada yako,
Teresia


Changamwe, 24 Oktoba 1994

Dada,

Hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye siku hizi haongei.

Kiapo chako kilisomwa kortini. Jaji aliniuliza mara mbili kama huyu Teresia ni dada yangu wa tumbo moja. Nilijibu ndiyo.

Sikuandikii kukulaumu. Bwana Zephaniah amepata kifungu katika kanuni zilezile: mchezaji aliyeondoka kwa ruhusa ya maandishi huhesabiwa amecheza. Nakala ya wasimamizi imepotea. Kocha wetu, Msabaha, amesema aliiona ikipigwa mhuri, lakini neno la kocha peke yake halitoshi. Korti inataka karatasi yenyewe. Iliyobaki duniani ni hiyo iliyomo katika albamu yako.

Itume kwa posta ya haraka. Hukumu ni Jumatatu, tarehe 14 Novemba.

Nilipokupa karatasi ile nilicheka nikasema ni zawadi yako ya harusi. Sasa naiazima tu, nitakurudishia. Nilikupa siku yangu moja, dada. Nipe na wewe moja, ya kwenda posta.

Jedidah


Wembley, 5 Novemba 1994

Mdogo wangu mpenzi,

Wewe na Baba hamjambo? Barua yako ilinikuta nikikaanga mahamri. Nayo nusu yaliungua, na Douglas akala yaleyale yaliyoungua, akasema ndiyo matamu. Mume gani kama huyu?

Nilichukua kisu chembamba nikajaribu kuibandua karatasi yako. Gundi imeshika, Jedi. Ikitoka itatoka na ua, na nyuma ya ukurasa ndipo ilipo picha ya Douglas akinivisha pete. Alisimama mlangoni akinitazama, akasema, "Huo ndio ukurasa wetu wa kwanza, mpenzi." Nikaweka kisu chini. Ungekuwa umependa, nawe ungekiweka.

Albamu nzima siwezi kuikabidhi posta. Ikipotea nitawaonyesha nini watoto wangu? Kwa hiyo nimeamua kuileta mwenyewe, mkononi. Ningekuja wiki hii, lakini tarehe 11 hadi 15 Douglas amenichukulia chumba Brighton, kinachotazama bahari, kwa kuwa fungate yetu ilikuwa ya siku mbili tu. Mwambieni jaji asubiri kidogo. Naye ana mke, ataelewa.

Usilie, macho yatavimba. Utaifungua albamu wewe mwenyewe, uone ulivyopendeza nyuma yangu. Mwambie Baba aniandalie kile chumba chako cha kusomea, kwa kuwa sasa hukitumii. Nakuja kabla ya mwezi huu kwisha.

Dada yako akupendaye,
Teresia