Kibao Kilichonasa Kitambaa

Modesta, nilikuwa nafuta meza, kitambaa kikanasa kwenye kibao kimoja. Vingine vyote ni laini.

Ni vile vibao vya wageni wetu wa hesabu hapa hotelini. Lazima vijaze meza bila pengo, na hairuhusiwi kugeuza hata kimoja chini juu. Wanasema hivyo kila asubuhi.

Hicho kilikuwa kimegeuzwa, upande wa chini wenye kukwaruza uko juu. Nikakirudisha sawa, kikakataa kuingia.

Mkubwa wao, Profesa Alen, akatokea. “Binti, kazi ya siku tatu unaichezea?” Siku tatu, akarudia, mbele ya wageni wote.

Nikajibu, “Shikamoo.” Shikamoo, Modesta, na asubuhi nilishamwamkia. Wakacheka.

Akakigeuza tena kama nilivyokikuta, kikaingia. Kesho anakwenda kuwaonyesha wenzake Dar.

Mimi niliyeishia darasa la tano ningemwambia nini?

Sikuharibu. Amekosea yeye.