Askari Asiyesogea

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Ndeanasia,

Shikamoo Dada. Salamu zako alinifikishia yule dereva wa lori la kahawa, pamoja na ndizi. Zilifika zimeiva mno, lakini tulizila hivyo hivyo na majirani wakafurahi. Nieleze, kifua cha Mama kimepoa? Mvua zimeanza huko Machame? Na mguu wako, bado unakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Mimi mwili wangu ni mzima na kazi ya karakana mtaa wa Gerezani inaendelea. Ila moyo haujatulia, na nimeshika kalamu kwa sababu hiyo. Nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza. Usimsomee Mama kabla hujafika mwisho, na usiifungue mbele ya Baba Mdogo.

Mara ya mwisho uliniuliza kama ni kweli kwamba huku mjini watu wazima tunacheza na wanasesere. Nilicheka sana. Si wanasesere, Dada, ni vita vya mezani. Nyuma ya duka la Bwana Salimu, yule Mwarabu muuza vitambaa karibu na soko, kuna chumba alichotuachia tukakifanya klabu. Humo tumeweka meza kubwa yenye kingo za mbao, tukaijaza mchanga. Wenzetu waliokwenda vita vya Burma walifundishwa jeshini juu ya meza za namna hiyo. Ofisa alikuwa akifinyanga vilima kwa mikono, anawaonyesha adui amelala wapi na wao wapite wapi. Waliporudi uraiani wakaona kwamba huo ni mchezo unaoshinda karata. Askari nawasubu mimi kwa mabaki ya risasi, yale madini laini yanayoyeyuka upesi, kila mmoja urefu wa kidole. Tunatupa dadu kujua nani kapigwa, na tunapima mwendo kwa kamba yenye mafundo. Mito tunaitandika kwa vipande vya kitambaa cha buluu anavyotupa Bwana Salimu. Kila mtaa una timu yake, na kila Jumamosi mchana timu mbili zinakutana. Mimi ndiye katibu wa ligi, na ndiye mwamuzi.

Ligi bila sheria ni fujo, kwa hiyo nilitunga sheria. Moja ilisema kwamba askari ambaye mwenyewe hakumsogeza kwa zamu tatu, ilhali njia anayo, huyo ahesabiwe ametoroka jeshi na aondolewe mezani. Niliitunga kwa sababu wachezaji wengine walikuwa wanajificha tu pembeni wakingoja mwenzao akosee. Sikuwa na wazo jingine lolote.

Baada ya Idi alikuja mchezaji mpya katika timu ya Feri, anaitwa Athumani. Ni kuli wa bandarini, Myao wa Tunduru, mtu mrefu, mpole, anayechechemea kidogo. Wenzake walisema alikuwa Burma, yeye mwenyewe hakusema. Alicheza vizuri mno, lakini alikuwa na jambo lake moja. Kila mechi, popote pale palipokuwa na mto, alimweka askari mmoja kwenye kona ya maji, peke yake, na hakumgusa tena. Vita vinakwenda huku na huku, huyo yupo pale pale. Mara mbili alishindwa mechi kwa kukosa mtu mmoja tu wa kuziba pengo, na mtu huyo anaye, kamwacha majini. Wapinzani wake walikuwa hawajali, maana faida ilikuwa yao.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita Feri walikutana na Ilala. Kiongozi wa Ilala ni Mzee Kondo, fundi cherehani, mtu wa kelele lakini mwenye roho nzuri. Safari hii yule askari wa majini alikuwa amemzibia njia bila kukusudia. Mzee Kondo akahesabu zamu, akanigeukia.

"Katibu, huyo katoroka. Mtoe."

Nilitazama, nikaona ana haki. Nikanyoosha mkono nimwondoe. Athumani akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana, alinishika tu, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Huyu hakutoroka," alisema.

Mzee Kondo akacheka. "Athumani ndugu yangu, hicho ni kipande cha risasi. Sheria ni sheria."

"Nimesema hakutoroka. Nilikuwepo."

Unajua, Dada, neno hilo la kutoroka limeishi nyumbani kwetu muda gani. Unajua Baba Mdogo alivyolisema mbele ya ukoo mzima, kwamba Kaka Elifasi hakufa vitani, katoroka, yuko Mombasa na mwanamke, na kwamba kihamba chake, lile shamba la urithi, kisikae bure kikimngoja mtu asiyetaka kurudi. Na unajua Mama alivyosimama akakataa yote mawili, kufa na kutoroka. Kwa hiyo maneno ya Athumani sikuweza kuyaacha yapite hivi hivi.

Nikamwambia, "Bwana Athumani, ulikuwepo wapi?"

Akaachia mkono wangu, akakaa kwenye kreti. Alisema huku anautazama mchanga.

"Burma. Siku chache kabla ya siku ile walikuwa wametuletea watu kutoka kikosi kingine, kujaza nafasi za waliokufa. Mmoja alikuwa Mchagga. Jina lake sikuwahi kulishika. Sote tulimwita Kahawa, maana kila akiona kilima alikuwa anasema, hapa kahawa ingestawi. Mtu wa hadithi sana. Alisema ana mdogo wake kwao, walikuwa wakicheza vita kwa askari wa vipande vya mgomba. Yule mdogo anawaficha wake ndani ya mfereji mkavu, wewe unapita, wanakutokea mgongoni. Kahawa alikuwa anasema, mdogo wangu angekuwa jemadari wetu, sisi tusingekuwa tunalala na njaa huku."

Dada, wewe ndiye uliyekuwa ukitufukuza kwa fimbo kwa kukata migomba ya Mama. Nani mwingine katika dunia hii anaujua mfereji ule?

Nikamwuliza, "Mkono wake wa kushoto ulikuwaje?"

Akanyanyua kidole chake cha shahada, akakikunja kiungo cha juu. "Hiki hakikuwa na ncha. Alisema kilikatwa na mashine ya kukoboa kahawa."

Nikamwambia Athumani, "Mdogo wake ni mimi. Alikuwa anaitwa Elifasi." Akalirudia lile jina polepole, "Elifasi," kama mtu anayepewa kitu mkononi. Bwana Salimu alirudisha mlango wa duka, akatuletea kahawa, na hakuna aliyeinywa.

Alichonieleza nakuandikia kwa kifupi. Walitumwa watu wachache kupeleleza chini ya kilima. Walipokuwa wanavuka kijito wakapigwa risasi kutoka ng'ambo. Wengine walirudi nyuma. Kaka alianguka palepale majini, kwenye kona. Athumani alipigwa paja, akajiburuta hadi nyuma ya gogo kwenye ukingo. Aliyekuwa na bunduki ng'ambo hakuondoka. Kila jani likitikisika, anapiga. Athumani alijaribu kutoka, akapigwa tena, bahati risasi ikamchubua tu. Basi wakakaa hivyo mchana wote, huyu nyuma ya gogo, yule majini, wanasikiana na hawafikiani. Jua lilipozama yule wa ng'ambo akaenda zake. Athumani akatambaa, akamkuta Kaka ameshakufa. Akamtoa majini, akamlaza pakavu, akamfunika kwa mawe kadiri alivyoweza. Yeye mwenyewe aliokotwa na watu wa kikosi kingine akiwa hajitambui, akapelekwa hospitali India. Alipopata fahamu akasema kuna Mchagga amezikwa kwenye kona ya kijito. Wakamwuliza jina, akasema Kahawa. Jina kama hilo hawakulipata popote. Ndiyo maana sisi tuliletewa neno moja tu, amepotea.

Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi. Athumani alisema, "Mchana ule alikuwa anasema maneno kwa lugha yenu. Maneno yale yale, anarudia, sauti inapungua, anarudia. Mimi nilijua anasali. Mimi ni Mwislamu, sala zenu sizijui, lakini niliona si haki mtu afe na sala yake ipotee pale porini. Nikayashika. Kila nikimaliza kuswali, nayasema na mimi kwa ajili yake. Mpaka leo."

Nikamwomba ayaseme. Akafumba macho, akafungua viganja kama wafanyavyo wao, akayasema kwa Kichagga, pale klabuni, mbele ya Wazaramo na Mwarabu na wote waliokuwepo. Maneno machache tu. Hapa nakuandikia maana yake. Si sala, Dada. Yanasema, "Mama, maji ni baridi."

Athumani alifungua macho akanikuta nalia. Akauliza, "Ni sala gani hiyo, mdogo wangu? Niambie. Nimetaka kujua miaka yote hii."

Nilifikiri kumdanganya. Ningesema ni zaburi, naye angeondoka na moyo mweupe. Lakini aliketi pale ananingoja kwa adabu, mtu aliyemtunza kaka yetu kuliko sisi, na ulimi ukakataa. Nikamwambia ukweli. Akafuta uso kwa kofia yake. Halafu akasema, "Basi miaka yote nimekuwa nikimwambia Mwenyezi Mungu kwamba maji ni baridi."

"Ndiyo," nikasema.

"Nadhani amesikia."

Hatukumaliza mechi ile. Jumamosi iliyofuata watu walikuja, lakini hakuna aliyethubutu kuusawazisha ule mchanga. Walikaa kuuzunguka kama watu waliokuja msibani, na mmoja mmoja wakaanza kutaja watu wao, nani aliachwa wapi, nani hakuletewa habari. Mzee Kondo alimtaja mtoto wa shangazi yake, kisha akahamia karibu na Athumani akamwomba radhi kwa kicheko chake. Mimi niliifuta ile sheria siku hiyo hiyo. Ligi imeanza tena wiki iliyopita, kwa sauti ya chini. Athumani hachezi, anatushikia kamba ya kupimia. Na hakuna anayeweka mto.

Mimi mwenyewe sijapona. Alfajiri wanawake wanapojaza madebe bombani hapa mtaani kwetu, nikiwa bado kitandani, nayasikia maneno yale katika maji. Natoka nje, nakinga mkono. Dada, maji ya Dar es Salaam hayawi baridi hata alfajiri. Nasimama pale na mkono uliolowa mpaka wanawake wananiuliza kama naumwa. Karakanani nikimimina risasi kwenye kalibu ya askari nageuza uso, nisije nikamwona Kaka.

Athumani anataka kuja Machame. Anasema maneno yale si yake, yana mwenyewe, na huyo mwenyewe, Mama, bado yu hai, hawezi kuendelea kukaa nayo. Nitaomba ruhusa kazini tuje kwa basi kabla ya Krismasi. Yuko tayari kusimama mbele ya ukoo na mbele ya mchungaji aseme aliyoyaona, na Baba Mdogo amwulize lolote analotaka. Hilo haliniogopeshi. Ninayemwogopea ni Mama. Wewe unaishi naye, unaijua pumzi yake. Kama unaona hataweza, niandikie, nami nitamwambia Athumani aje aseme habari za mawe na kaburi tu, na lile jingine alimeze. Amekubali kufanya hivyo, ingawa uso wake ulibadilika. Lakini kama unaona anaweza, mwandae polepole. Mwambie kwanza kwamba hakutoroka. Mwache akae na hilo kwa siku kadhaa.

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie bawaba za mlango alizoagiza nimezipata. Msalimie Bibi, mama yake Baba, mpigie kelele sikioni asikie kwamba ni mimi. Wasalimie wanao, na mwalimu wa kwaya, na jirani yetu mama wa mapacha. Baba Mdogo naye mpe salamu. Nitayasema yangu nikifika.

Jambo moja la mwisho. Jana Athumani alinijia chumbani akaniomba nimfundishe kuyatamka yale maneno vizuri, asije akamkera Mama kwa matamshi mabaya. Neno la katikati analikata, analianza, linakwama, analianza tena. Mimi nilidhani ni ulimi wa Kiyao. Nikamwambia, hapa hupaswi kusimama, sema moja kwa moja. Akanijibu, "Sikusimama mimi. Ndivyo alivyokuwa anasema. Meno yalikuwa yanamgongana."

Sikumfundisha. Atakuja hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka mno,
Samweli