Kwa Baba, Aliyesugua Mawe ya Samaki

Baba yangu uliye mbali,

Nakuandikia mahali ambapo na wengine watasoma, na najua hupendi hivyo. Wewe ni mtu wa kumwita mwenzako pembeni. Hata askari wako akikosea, ulimpeleka nyuma ya jengo kwanza ndipo ukamkaripia. Lakini mimi nilikuvunjia heshima mbele ya watu, kwa hiyo sijioni kuwa na haki ya kukuomba msamaha kwa kunong'ona.

Kila Jumapili tunapigiana simu. Unaniuliza kama mvua imenyesha huku nyumbani Ggaba, nami nakuuliza habari za mihogo na mguu wa Bibi, kisha unasema, "Haya, Konstebo, wacha simu ipumzike." Huu ni mwezi wa nane tangu uondoke. Ulituaga kwamba unakwenda kijijini Kitgum wiki mbili tu, kumsaidia mama yako kupalilia. Mama hazungushi maneno, unamjua. Juzi alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Huyo Afande hakufuata mihogo. Amekukimbia wewe, profesa."

Nilitoka nikaenda nyuma ya jikoni, pale tulipopapima mimi na wewe, nikasimama tu.

Unakumbuka nilivyokueleza mara ya kwanza? Nilikuwa nimerudi kutoka kufundisha shuleni na chaki bado mikononi. Nikasema samaki watakaa ndani ya tangi, maji yao machafu yatavutwa na pampu hadi kwenye vitanda vya kokoto, mboga zitakula ule uchafu, na maji yatarudi kwa samaki yakiwa safi. Ulinisikiliza kama unavyosikiliza shahidi usiyemwamini.

"Kwa hiyo samaki ndiyo inalima?"

"Ndiyo, Baba."

"Na udongo hakuna?"

"Hakuna."

"Sasa mimi nitafanya kazi gani?"

Mama akadakia kutoka dirishani, "Wewe utawapigisha gwaride."

Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukaomba karatasi na rula, ukauchora uwanja wetu kama ulivyokuwa ukichora ajali za barabarani: mshale wa kaskazini juu, vipimo kwa hatua za miguu yako, herufi kila mahali na maelezo yake chini. A, tangi la samaki. B, pampu. C na D, vitanda vya sukuma wiki na mboga ya nakati. E, pipa la maji ya mvua. Na F, uliandika, "mahali shahidi alisimama." Nilipokuuliza shahidi gani, ulisema hicho ni kiti chako.

Ulikuwa na miezi mitatu tangu uvue sare ya polisi. Uliamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, ukafunga kamba za viatu, halafu ukakaa kitandani usijue pa kwenda. Sikuliona hilo wakati ule. Niliona tu kwamba baba yangu, ambaye utotoni mwangu alikuwa mtu wa kurudi na kuondoka, sasa yupo kila jioni, anashika ncha ya pili ya futi kamba na kuniambia, "Vuta, Konstebo, isilegee." Wiki zile nilikuwa na furaha ambayo sikuitangaza hata kwangu mwenyewe, nikiogopa itaondoka.

Kabla ya kununua tangi kubwa tulikubaliana kujaribu kwa pipa la bluu, beseni la kokoto juu yake, na samaki ishirini wa ngege, yaani perege, wadogo kama kidole. Yule mama aliyetuuzia alituonya, akinigeukia mimi kwa heshima, "Nnyabo, hawa ni kama watoto, msiwaharakishe." Tuliwabeba ndani ya mfuko wa maji, wewe ukiupakata mapajani njia nzima kama mtu aliyekabidhiwa kichanga.

Wiki ya tatu, Jumamosi, nilikuwa nasimamia mtihani. Niliporudi ulikuwa unanisubiri mlangoni kwa mikono iliyokunjamana kwa maji. "Njoo uone." Ulikuwa umelitoa kila jiwe. Ulikuwa umeyasugua moja moja kwa brashi na ile dawa ya kung'arishia mashati meupe, ukayasuuza, ukayarudisha. Mawe yaling'aa kama meno. Pipa nalo ulilisugua, ukalijaza maji mapya ya bomba. "Ilikuwa na utelezi mbaya," ulisema. "Samaki nayo inataka usafi."

Nani angekufundisha vinginevyo? Nimekulia kwenye nyumba ya mabati kambini Naguru, ambako kila Jumamosi mkubwa alipita kukagua, na sufuria za Mama zilipangwa nje zikimeta, nawe umesimama wima kando yake. Usafi ndio uliokuwa lugha yako ya kusema unatupenda. Mtu wa kambini akiona utelezi juu ya jiwe, hawezi kulala.

Lakini ule utelezi ulikuwa hai, Baba. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza sumu ya samaki kuwa chakula cha mboga. Bila wao, samaki wanakunywa uchafu wao wenyewe, na dawa ile inawaunguza juu ya hayo. Asubuhi ya Jumapili wote ishirini walikuwa wanaelea.

Hapo ndipo nilipokukosea. Jirani yetu alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Fundi aliyekuja kupima msingi wa tangi kubwa alikuwa amechuchumaa pale na futi yake. Nami nikapaza sauti, nikasema, "Baba, wewe umezoea kuua."

Jirani alibaki na shuka mkononi. Fundi alianza kukunja futi yake polepole. Wewe ulisema, "Sawa." Ukawaokota samaki mmoja mmoja kwa mkono, ukaosha ndoo, ukaipindua ikauke. Wiki hiyohiyo ukapanga begi.

Umebeba bunduki miaka mingi, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukuuliza uliitumiaje. Hata Mama. Lilikuwa swali tunalolipita kwa heshima, kama chumba cha mgonjwa. Mimi nililiuliza na kulijibu kwa pumzi moja, kwa ajili ya samaki ishirini.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo hulijui. Habari za bakteria nilizijua tangu siku ya kwanza. Nilizisoma, nikazipigia mstari. Sikukueleza. Mara mbili uliniuliza mawe ni ya nini hasa, nikakujibu, "Ni ya kushikilia mizizi, Baba, usijali." Nilipenda kuwa mwenye kujua. Maisha yote ulikuwa wewe unayetoa maelezo nami napiga saluti, nikaona utamu wa kubadilisha nafasi. Kwa hiyo samaki wale tuliwaua sisi wawili, na aliyejua alichokuwa akifanya ni mmoja. Hilo pia nilipaswa kulisema siku ile, kwa sauti ileile.

Nimeanza tena. Fundi amerudi, ameweka tangi kubwa pale penye A, na vitanda vyote viwili vina kokoto. Samaki hakuna. Maji yanazunguka bure, na kila jioni nayapima kwa matone yanayobadilisha rangi ndani ya kichupa. Natia chembe za chakula zioze, na utelezi unahitaji kama wiki sita kuota kabla maji hayajapokea samaki. Nimejifunza kukaa kando yake bila kufanya kitu, jambo gumu kwangu, unajua. Ninaposikia pampu ikinguruma nageuka nikidhani ni wewe unakohoa. Nina maswali madogomadogo ambayo kitabu hakijibu: kivuli cha ukuta kitafika wapi mwezi wa saba, mfereji uinamie upande gani. Ni maswali ya mtu aliyepima kwa hatua zake. Mama anasema nikuulize kwenye simu. Nashindwa. Sauti yako ikifika, naongea habari za mvua.

Nilidhani barua hii itatosha. Nimeisoma tena sasa hivi, na naona bado nimejificha. Kuandika hakunilazimishi kukutazama usoni, na siku ile nilikutazama usoni. Kwa hiyo sikuombi urudi, Baba. Nakuja mimi. Shule zikifungwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi napanda basi, na nitayasema haya yote kwa mdomo wangu, mbele ya Bibi na majirani zako watakaokuwepo. Ukinijibu "Sawa" peke yake, nitaipokea. Nitapalilia nawe hadi likizo iishe, na samaki watasubiri.

Msalimie Bibi, mguu wake upate nafuu. Mama anakusalimia pia, ingawa amenikataza kuandika hivyo.

Kesho yake, Jumapili, tafadhali, usiwahi shambani kabla sijaamka.

Ni mimi, binti yako.