Asilimia Tisini na Tatu Siyo Kura

Tillery,
Oklahoma.
10 Agosti

Mwanangu mpendwa Garrett,

Kwanza niambie unakula nini huko Alaska, na kama zile soksi za sufu zilifika. Mikono bado inapasuka kwa maji ya chumvi ya kiwanda cha samaki? Paka mafuta, usione haya. Sisi wazima. Goti la baba yako linamsumbua, na joto limekausha bustani yote isipokuwa bamia.

Nilikupigia Jumapili nikaishia kulia, wewe ukaishia kucheka. Kwa hiyo naandika. Kwenye karatasi hutanikatiza.

Bati letu unalijua. Mvua ya mawe ya mwezi wa tano ililibonyeza lote, na kwenye maungio limeachia. Mkaguzi wa bima akapanda, akapiga picha, akashuka akaniambia, "Mama, hii ni kasoro ya sura tu. Sura hatulipi." Nikamwambia aje alale kitandani kwangu siku ya mvua, aone hiyo sura inavyodondoka. Siku hizi nikimwambia baba yako anyoe ndevu, ananijibu, "Sura hatulipi."

Ndiyo maana nilimshika Bi Teague. Kati ya wote waliotaka ukamishna wa bima wa jimbo, ni yeye peke yake aliyesimama hapa kwetu akasema hatapitisha mkataba wa bima wenye neno hilo la "sura". Hutchens, aliyebaki naye kwenye duru ya pili ya mchujo wa chama, ile kura ya tarehe ishirini na tano, aliulizwa akacheka, kama wewe.

Sasa wewe unanitumia ile picha kwenye simu: Hutchens 93, Teague 7. Chini umeandika, "Mama, pumzika, imeisha." Mimi shule niliacha darasa la nane. Nikiona jina la mtu na asilimia mbele yake, najua kura zimehesabiwa. Jumatano nikaipeleka kanisani kwenye chakula cha jioni, ikazunguka meza nzima. Oleta Spradling akatoa machozi. Mumewe akasema, "Basi tarehe ishirini na tano nakwenda zangu kuvua kambare." Watu kumi na wanne, Garrett, tumekula tukiomboleza uchaguzi ambao haujafanyika!

Junie wa maktaba ndiye aliyenieleza kesho yake kwamba zile si kura, ni kamari ya mtandaoni. Watu wasiowahi kutia mguu Oklahoma wananunua na kuuza jina la mshindi kama ng'ombe mnadani. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu Jumapili unaniambia na wewe umemnunua Hutchens! Wewe, niliyekulaza chini ya bati hilo hilo! Eti, "Mama, si chuki, ni hesabu tu." Hesabu gani hiyo ya kumwombea mama yako alowe? Na hiyo 93 imetoka wapi, kama si kwa watu kama wewe, wanaoweka pesa kwa sababu wengine wameweka?

Nimejaribu kuwaambia wenzangu. Wanasema Verlene anajifariji. Wewe wanakuamini, umesoma chuo, na picha ilitoka kwako. Majina na namba zao zote nimeandika nyuma ya karatasi hii. Anza na Oleta, kabla ya saa nne asubuhi ya huku, tamthilia yake ikianza hapokei. Mumewe mwambie kambare watamsubiri hadi kesho yake, Jumatano, akishapiga kura. Useme kwa mdomo wako: hakuna kura hata moja iliyopigwa. Fomu ya kupiga kura kwa posta hukuiomba, hilo nimelimeza. Ukikataa kuwapigia simu hawa, hilo silimezi.

Pesa zako zikipotea, ukirudi nitakupikia wiki nzima, lakini radhi sitaomba.

Nisalimie binamu yako Dwight hapo bwenini, na rafiki yako Shayla ukiongea naye. Shangazi yako Nadine anakusalimu sana.

Mungu akulinde na zile mashine za samaki, akurudishe na vidole vyote kumi. Na leo hii, kabla hujalala, anza kubonyeza hizo namba.

Mama yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Verlene