Nimepayuka jibu la fumbo kanisani

Woi Syombua! Niko nyuma ya kanisa hapa Kwa Vonza, nimejificha, nacheka mpaka machozi 😂😭

Unakumbuka lile fumbo la gazeti limenisumbua wiki nzima? "Napanda paa bila ngazi. Hunishiki, lakini nitakuliza."

Sasa pasta amesema tuombe kimya. Nimeketi na mamake Mbithi, mama mkwe wangu mtarajiwa, mara ya kwanza tuko pamoja. Jibu likanijia tu. Nikapayuka: KIVULI!

Syombua, kanisa nzima: AMEN!!

Pasta: "Rudia, dada!" Na mimi nikarudia!!! KIVULI! AMEN! Akafungua Zaburi, akahubiri uvuli wa Mwenyezi, watu wakaanza kulia. Kulia, Syombua!

Mama akainama sikioni mwangu. Nikajua harusi ndiyo hiyo imeenda.

"Hilo fumbo nililimaliza Ijumaa."

Kumbe naye hujaza mafumbo ya gazeti!! Karibu nimkumbatie.

"Lakini kivuli kinaliza nani? Hiyo ni moshi."

Halafu akaangalia kucha zangu ndefu za rangi, polepole.

"Na vile Mbithi aliniambia unapika na kuni kila siku."