Kashata za Bi Mwanahawa

Jumapili, Masuguru

Miguu inawaka moto, na aliyenitia kwenye haya ni Zuhura. Tangu aje likizo kutoka Dar wimbo wake ni mmoja: twende tukayatafute maduka ya pipi ya utotoni. Niliamka nimechoka, lakini rafiki utamwambiaje hapana?

Duka la gubiti pale kona sasa linauza vocha na chaja. Pale walipokuwa wakiuza visheti sasa pana gereji ya bodaboda. Nikasema turudi.

"Bado Bi Mwanahawa wa kashata," akasema. "Yule hawezi kuhama."

Tulipofika kwake, Zuhura akapaza sauti kama zamani: "Hodi! Bibi, kashata zipo?"

Uani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wamejitanda kanga. Wote wakatugeukia. Bi Mwanahawa alizikwa jana.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mama mmoja akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. "Watani wamefika! Wapisheni wakae."

Walidhani tumekuja kumfanyia marehemu utani, kama ilivyo ada msibani. Hatukuthubutu kusema sivyo. Tukakaa.

Wakatuletea kahawa na kashata. "Za mwenyewe hizo," yule mama akasema. "Alizikata Alhamisi."

Zuhura alifunga yake kwenye ncha ya mtandio. Mimi nilikula yangu yote palepale, nikaramba na vidole.

Sasa hivi nimepiga mswaki kwa mazoea tu, na ladha yake ya mwisho nimeitema mwenyewe.