Mikate ya Siku Ile ya Mkutano

Sefrou, Jumatatu

Mwanangu Rqia,

Nakusalimu sana. Mizeituni imezaa vizuri mwaka huu, na paka wako kazaa tena, juu ya godoro langu.

Baba yako anaendelea. Mkono una plasta. Najua watu wameshakusimulia, basi sikia na kwangu.

Siku ya mkutano wa kampeni mgombea alikuja na vipaza sauti, akatangaza kwamba mwenye tanuri la mtaa wetu, yaani baba yako, anatulisha unga wa ng'ombe. Tukawaka! "Allal, toka nje, mwizi wewe!" Tukavunja mlango kwa mawe. Baba yako akatoka, majivu hadi viwikoni, anauliza, "Jamani, unga gani?" Nani wa kumsikiliza?

Rqia, baba yako hana unga hata kibaba kimoja. Sisi wenyewe tunakanda nyumbani, tunampelekea madonge kwenye masinia, yeye anaoka tu. Miaka thelathini! Asubuhi ile ile nilikanda kwa mikono yangu hii. Na huyo mgombea, hata jina la mtaa alilisoma kwenye karatasi.

Umeniuliza nani alirusha jiwe lililomvunja mkono. Watu walikuwa wengi. Mimi nilikuwa mbele.

Jioni nilikwenda kuchukua sinia langu. Nilikuta mikate ya mtaa mzima imepangwa juu ya benchi, imeiva vizuri. Aliitoa kwanza isiungue, ndipo akatutokea nje.

Wangu uko mezani mpaka leo. Kuula nimeshindwa, na kuutupa siwezi.

Mama yako mdogo,
Tamou